Kwa Nini Mkazi Hulipenda Jiji Lake

Kila mwaka hutolewa majedwali yanayoyapanga majiji ya dunia kuanzia lile linalodaiwa kuwa bora zaidi kwa kuishi hadi lile linaloburura mkia, na kila mwaka wakazi wa majiji hayo huyasoma kwa mshangao, kwa kuwa jiji linaloelezwa humo mara nyingi silo wanalolijua wao. Jedwali linalonukuliwa sana ni la Economist Intelligence Unit, kitengo cha utafiti cha kampuni inayochapisha jarida la The Economist, ambalo hupima majiji 173 kwa mambo matano: utulivu, huduma za afya, utamaduni na mazingira, elimu, na miundombinu. Vienna iliongoza kwa miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2024, kabla ya kupokonywa nafasi hiyo na Copenhagen mwaka 2025. Hakuna ubaya wowote katika kupima mambo hayo, ila ni vyema kukumbuka kwamba vipimo vya aina hii hutumiwa sana na waajiri wanaotaka kuamua wamwongezee posho kiasi gani mfanyakazi anayehamishiwa nchi ya mbali. Kinachopimwa hapo ni usumbufu utakaompata mgeni wa miaka miwili mitatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na pengine hujui pia kwa nini mwenyewe hakubali kukihama.

Anayetaka kuelewa kinachomfanya mtu aone raha kuishi mahali hana budi kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa na kuhesabiwa kuwa kitu kimoja. La kwanza ni ubora wa jiji, yaani hali inayoweza kuhesabiwa hata na mtu wa nje: urefu wa mabomba, idadi ya vitanda vya hospitali, muda wa kusubiri basi. La pili ni kuridhika, ambako ni hukumu ya mkazi mwenyewe anapolinganisha anachokipata na alichokitarajia. La tatu ni mapenzi, yaani ile hali ya kujiona kuwa sehemu ya jiji, kulisemea kwa watu na kusita kuliacha. Matatu haya hayaendi sambamba sikuzote. Yupo anayeridhika na jiji asilolipenda, anayepata huduma zake zote, na siku akiitwa kazini kwingine hufunga mizigo bila kugeuka nyuma. Yupo pia anayelalamika asubuhi na jioni kuhusu maji yasiyotoka na barabara zenye mashimo, lakini akimsikia mgeni akirudia malalamiko yaleyale, huja juu.

Kuhusu kuridhika, Tume ya Ulaya imekuwa ikiwahoji wakazi wenyewe kwa miaka mingi. Katika utafiti wake wa mwaka 2023, uliofanyika katika majiji 83, karibu watu tisa kati ya kumi walisema wanaridhika kuishi walipo, na kileleni zilikuwa Zürich, Copenhagen na Groningen. Groningen inastahili kutazamwa kidogo. Ni mji wenye wanafunzi wengi kaskazini mwa Uholanzi, una watu wasiofika 250,000, na ni nadra kutajwa majiji makubwa ya dunia yanapojadiliwa. Hata hivyo, wakazi wake wanakaa safu moja na wale wa Zürich, mojawapo ya majiji tajiri kabisa duniani. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba, kwa wastani, wakazi wa miji midogo huridhika zaidi kuliko wenzao wa majiji makubwa. Ni kweli kwamba mtu akiulizwa na asiyemjua kama anaridhika na mahali alipoamua kuishi, huwa mwepesi kusema ndiyo, kwa hiyo tofauti baina ya jiji na jiji hufundisha zaidi kuliko ukubwa wa asilimia yenyewe.

Kuhusu mapenzi, kazi iliyofanywa kwa upana zaidi ni ya Marekani. Kati ya mwaka 2008 na 2010, shirika la kura za maoni la Gallup na mfuko wa hisani wa Knight Foundation waliwahoji watu wapatao 43,000 katika jamii 26 za nchi hiyo, zikiwemo Detroit, Miami, Philadelphia na San Jose. Watafiti walitaka kujua ni mambo gani yanaambatana zaidi na mkazi kujivunia mahali pake na kutaka kubaki. Wengi wangebashiri kazi, usalama na shule. Matokeo yakaweka mbele mambo mengine matatu, mwaka baada ya mwaka na karibu katika kila jamii: kuwapo kwa mahali na nafasi za watu kukutana, uwazi wa jamii katika kuwapokea watu wa kila aina, na uzuri wa mahali penyewe, pamoja na bustani na maeneo yake ya kijani. Jambo linaloyapa matokeo hayo uzito ni kwamba miaka hiyo mitatu ndiyo iliyobeba mdororo mkubwa wa uchumi. Watu walipoteza ajira na nyumba, lakini mpangilio wa yale yanayowafunga na mji wao haukubadilika.

Matokeo haya yamewahi kutafsiriwa vibaya, hasa na viongozi wanaopenda kuzindua chemchemi za mapambo kuliko kuzibua mitaro. Hayasemi kwamba ajira si kitu. Yanasema kwamba tofauti baina ya mkazi anayeupenda mji wake na asiyeupenda haielezwi sana na maoni yao juu ya ajira, na hilo ni jambo jingine kabisa. Aliyekosa riziki huenda alishaondoka, na aliyebaki hulinganisha mambo mengine. Tena huduma za msingi zina tabia ya ajabu: zikikosekana hutawala mawazo ya mtu kutwa nzima, na zikipatikana husahaulika. Hakuna anayeamka akiushukuru mtaro kwa kupitisha maji ya mvua. Kwa hiyo jiji linaloboresha huduma hupunguza kero, nayo ni kazi kubwa na ya lazima, ila kuondoa kero si sawa na kujenga mapenzi.

Huduma moja haifuati kanuni hiyo ya kusahaulika, nayo ni usafiri, kwa sababu unagusa muda wa mtu. Mwaka 2004, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanawake 909 wenye ajira huko Texas, ambao waliombwa kuipitia siku yao ya jana kipindi kwa kipindi na kueleza walivyojisikia katika kila kimoja. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa miongoni mwa vipindi visivyopendwa kabisa. Mwaka huohuo, wanauchumi Bruno Frey na Alois Stutzer, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha kwamba watu wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini hawaridhiki na maisha kama wenzao, ingawa kinadharia walipaswa kufidiwa na mshahara mkubwa zaidi au nyumba nafuu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba binadamu huizoea nyumba kubwa ndani ya muda mfupi, lakini foleni haizoeleki, kwa sababu kila siku huja na sura yake: leo ajali, kesho mvua, keshokutwa msafara wa mkubwa.

Gari linapopita huacha athari nyingine mtaani, na hapa pana utafiti mmoja ambao kwa maoni yangu ungepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mipango miji. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichagua mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mambo mengi isipokuwa wingi wa magari. Wa kwanza ulipitiwa na magari yapatayo 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, na wa tatu 16,000. Kisha akawauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani mwao. Katika mtaa wa magari machache, mtu alikuwa na wastani wa marafiki 3.0 na watu wa kusalimiana nao 6.3. Katika mtaa wa magari mengi, marafiki walikuwa 0.9 na wa kusalimiana 3.1. Mtaa wa katikati ulikaa katikati kwa hesabu zote mbili.

Appleyard hakuishia hapo. Aliwapa wakazi mchoro wa mtaa wao na kuwataka waonyeshe wanapopahesabu kuwa ni pao. Wa mtaa tulivu walizungushia kalamu mtaa mzima, upande huu na wa pili wa barabara. Wa mtaa wenye msongamano wengi wao walichora nyumba yao tu, na baadhi yao waliishia kwenye mlango wa chumba. Huko kwenye utulivu, ngazi za mbele ya nyumba zilikuwa mahali pa kukaa na kupiga soga, na watoto walicheza kando ya barabara. Huko kwenye msongamano, njia ya miguu ilikuwa ujia wa kumtoa mtu ndani na kumpeleka anakokwenda, na wenye uwezo wa kuhama walikuwa wameshaanza kuhama. Hapakuwa na aliyewaamuru watu hawa wasijuane na jirani. Kelele, moshi na hofu ya kugongwa viliwasukuma ndani. (Appleyard mwenyewe aligongwa na gari na kufariki huko Athens mwaka 1982.)

Ukiuweka utafiti huo kando ya ule wa Gallup na Knight, jambo la kwanza kati ya yale matatu linaeleweka vizuri zaidi. Mahali pa kukutania si lazima pawe ukumbi uliojengwa kwa mamilioni. Panahitajika nafasi ambazo mtu anaweza kukaa bila kununua kitu, zilizo karibu kiasi kwamba atapita hapo hata kama hakupanga, na ambamo atakuta sura anazozitambua. Wingi wa salamu ndogondogo na watu usiowajua majina una kazi yake katika kumfanya mtu ajione yuko kwao. Mwaka 1974, wanasosholojia John Kasarda na Morris Janowitz walichambua takwimu za Uingereza ili kuipima dhana iliyokuwa imezoeleka kwamba ukubwa na msongamano wa mji ndivyo vinavyoua hisia ya kuwa mwanajamii. Wakakuta kwamba kinachotabiri hisia hiyo zaidi ni muda ambao mtu ameishi mahali. Kadiri anavyokaa ndivyo marafiki, ndugu na kumbukumbu vinavyojikusanya, na uzito wa vitu hivyo hauwezi kuhamishwa pamoja na samani.

Hilo linaleta swali la mgeni, ambaye hana miaka hiyo. Kwake, uwazi wa jamii ndio unaochukua nafasi ya muda. Katika utafiti wa Marekani, uwazi ulipimwa kwa kuwauliza watu kama mji wao ni mahali pazuri kwa makundi mbalimbali: familia zenye watoto wadogo, wazee, wahamiaji, watu wa jamii za wachache, vijana waliotoka vyuoni. Kuna miji yenye kila aina ya starehe ambayo kundi mojawapo kati ya haya huishi kama wapangaji wa kudumu, na jibu la wastani huficha hilo.

Jinsi wastani unavyoficha mambo ilionekana wazi huko Vienna, jiji lilelile la kushika nafasi za kwanza. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti walioajiriwa na jiji waligundua kwamba wasichana wakishafika umri wa miaka tisa hivi, idadi yao katika bustani za umma ilishuka ghafla, wakati ile ya wavulana haikushuka. Bustani zilikuwa wazi kwa wote na hakuna sheria iliyowazuia. Tatizo lilikuwa katika ramani: uwanja mmoja mkubwa ambao kundi lenye nguvu huutwaa wote, na waliobaki hawana pa kusimama. Mwaka 1999, bustani mbili za wilaya ya tano zilipangwa upya kwa kuongeza njia za kutembea, kuugawa ule uwanja mkubwa katika vipande vidogo, na kuweka viwanja vya mpira wa wavu na vinyoya. Wasichana wakarudi. Mtu angewauliza wakazi wote kwa pamoja kama wanaridhika na bustani, bila shaka angepata asilimia nzuri kabla na baada ya mabadiliko hayo.

Uzuri wa mahali ndilo jambo linalodharauliwa zaidi na wahandisi na wahasibu, ambao huuona kama pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Mfano wa Medellín, Kolombia, unawapinga. Mwaka 1991 jiji hilo lilikuwa na vifo vya mauaji vipatavyo 380 kwa kila watu 100,000, kiwango cha juu mno. Katika hali hiyo, treni za mjini zilianza kazi mwaka 1995, zikiwa zimetanguliwa na kampeni ndefu ya kuwaandaa wakazi namna ya kuzitumia na kuzitunza. Hadi leo vituo na mabehewa yake husifiwa kwa usafi, na wakazi wenyewe humkanya anayeweka miguu kwenye kiti. Mwaka 2004 ukaongezwa usafiri wa kebo unaopanda mpaka kwenye vitongoji maskini vya milimani, na kandokando ya vituo vikajengwa viwanja na maktaba zilizobuniwa na wasanifu majengo mahiri. Si kazi zote zilizofanikiwa. Maktaba maarufu kuliko zote ilibidi ifungwe kwa miaka kadhaa kutokana na kasoro za ujenzi. Lakini mkazi wa kitongoji ambacho serikali ilikuwa haionekani alipata jengo ambalo lingeweza kusimama katikati ya jiji bila kuona haya, na watu husoma kwenye vitu kama hivyo jinsi wanavyothaminiwa. Tirana, mji mkuu wa Albania, ilifanya jambo la bei rahisi zaidi baada ya mwaka 2000, pale meya wake Edi Rama, aliyekuwa mchoraji, alipoagiza majengo yaliyochakaa yapakwe rangi kali. Rangi haikutengeneza paa linalovuja, ila watu waliokuwa hawaongelei mji wao kabisa walianza kuubishania.

Kubishana huko ni dalili ya jambo ambalo majedwali hayaligusi: mkazi kuona kwamba neno lake lina pa kufika. Chukua taa ya barabarani iliyozimika. Mkazi akitoa taarifa na taa ikawashwa, ameona huduma. Akitoa taarifa, akaambiwa ni lini itashughulikiwa na kwa nini si leo, kisha ikashughulikiwa siku aliyoahidiwa, ameona kwamba anahesabiwa. Akitoa taarifa mara kadhaa bila jibu, taa ikaja kuwashwa wiki ya ziara ya kiongozi, amejifunza somo ambalo taa mia moja mpya hazitalifuta. Mwaka 1969 Sherry Arnstein alieleza ushirikishwaji wa raia kwa ngazi yenye vidato vinane, na vile vya chini kabisa alivihesabu kuwa si ushirikishwaji hata kidogo, kwa kuwa hapo watu huitwa mkutanoni ili waidhinishe lililokwisha kuamuliwa.

Panapo ushirikishwaji wa kweli, tabia hubadilika kwa namna zinazoshangaza. Porto Alegre, Brazili, ilianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya maendeleo katika mikutano ya maeneo, na utaratibu huo ukaigwa na miji mingi ya mabara yote. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, chini ya meya Antanas Mockus, iliwaomba wakazi mwaka 2002 waongeze kwa hiari asilimia 10 juu ya kodi yao, na watu wapatao 63,000 wakalipa. Sioni namna ya kulieleza tukio hilo kwa lugha ya mteja na mtoa huduma. Mteja halipi zaidi ya bei.

Hata usalama, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa idadi ya polisi na kamera, una upande huu. Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls walichapisha mwaka 1997 matokeo ya mahojiano na wakazi 8,782 wa maeneo 343 ya Chicago. Waliwauliza, kwa mfano, kama majirani wangeingilia kati wakiwaona watoto waliotoroka shule wakizurura kwenye kona ya mtaa, na kama watu wa hapo wanaaminiana. Mahali ambapo majibu yalikuwa ndiyo, uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa mdogo zaidi, hata baada ya kuzingatia tofauti za umaskini. Watafiti hao waliona pia kwamba wakazi wanapohamahama, imani hiyo hudhoofika, jambo linaloturudisha kwenye suala la muda.

Na hapo ndipo lilipo fundo gumu kuliko yote. Mambo yaleyale yanayolifanya jiji lipendwe hupandisha thamani ya ardhi yake. New York ilipoifungua bustani ya High Line mwaka 2009 juu ya reli ya zamani ya mizigo, watu walimiminika, bei za nyumba za jirani zikapaa, na wakazi wa nyumba za umma zilizo karibu nayo hawakuiona sana kuwa ni yao. Mwaka 2017 mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikiri hadharani kwamba jamii ya hapo haikutendewa ilivyostahili. Mpangaji asiye na uhakika wa mkataba hana sababu ya kushangilia mti unaopandwa mbele ya mlango wake, kwani huenda ndio utakaompandishia kodi ya pango. Vienna imelikwepa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo siri ya sifa zake kuliko kasri na kumbi za muziki: takriban nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za jiji au zilizopewa ruzuku, na mpangaji huko anaweza kuuboresha mtaa wake bila hofu ya kujitafutia barua ya kuondoka.

Kwa sababu hiyo, takwimu za kuridhika zinapopanda, swali la kwanza linalofaa kuulizwa linahusu sampuli. Utafiti wa wakazi huwahoji wakazi, yaani waliobaki. Aliyeshindwa kodi akahamia pembezoni, nje ya mpaka wa jiji, hapigiwi simu tena, na manung'uniko yake hutoka kwenye hesabu pamoja naye. Jiji laweza kupata asilimia nzuri zaidi kwa kuwatendea vyema watu wake, au kwa kuwabadilisha watu hao na wengine wenye kipato kikubwa na malalamiko machache, na dodoso lenye swali moja la kuridhika halitoi njia ya kuzitofautisha hali hizi mbili. Linaloweza kuzitofautisha ni kuwauliza pia watu muda waliokaa hapo, kama wamepanga au wana nyumba yao, na kuwafuata wale waliohama ili kujua ni nini kilichowaondoa.